Petroli iliyolala chini ya Ngamiani: kisa cha sheli moja na visima vya majirani

Kisa hiki cha petroli ya sheli iliyovuja mpaka ikaingia visimani ni cha Tanga mjini, upande wa Ngamiani. Mtaa sitautaja na sheli yenyewe sitaitaja, mambo bado yanaendelea na wenye visima bado wanaishi hapo hapo. Nakiandika kirefu kwasababu kila nikikieleza kwa mdomo watu wanaishia kwenye swali moja tu, "sasa kwanini hamkuyavuta hayo maji machafu yote yakaisha?", na jibu lake ndio kisa chenyewe.

Kwa asiyeijua Tanga: maji ya bomba yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na kwa kweli bomba la Tanga siku nyingi linatoka. Lakini nyumba za zamani Ngamiani nyingi zina kisima uani, vya kuchimbwa kwa mkono, maji yako karibu tu, na yana ukakasi kidogo wa chumvi. Watu wanafulia, wanaoshea vyombo, wanaogea, mama ntilie wanaloweka maharage, na siku bomba likikata basi yanakuwa maji ya kila kitu pamoja na kunywa. Kwahiyo mtu asikwambie visima havina kazi.

Aliyelalamika kwanza ni bibi mmoja, nyumba yake ni ya tatu toka sheli. Maji yakawa yananuka, ukiyaacha kwenye ndoo asubuhi unakuta juu kuna utando wa rangi rangi. Akaita fundi pampu. Fundi akaangalia angalia akasema, "Bibi, pampu yako inavuja oili." Bibi akamjibu, "Mwanangu, pampu yenyewe ya umeme na imekaa huku nje juu ya zege, hiyo oili imeingiaje kisimani?" Swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka ule. Hata hivyo kisima kikavutwa kikakauka, kikasuguliwa, kikamwagwa klorini kopo zima. Yakakaa vizuri siku mbili tatu halafu harufu ikarudi ile ile.

Klorini hapo haikuwa na la kufanya. Klorini inaua vijidudu, petroli sio kijidudu. Na kuchemsha ndio balaa zaidi, maana kile kinachoondoka kwenye sufuria kinaingia kwenye mapafu ya anayepika, jikoni kwenye dirisha dogo. Tuliwaambia wakina mama mapema, hayo maji msichemshe kwa ajili ya kunywa, acheni kabisa, na kuoga pia punguzeni hasa kuoga maji ya moto. Kuna waliotuona tunakuza mambo.

Ngoja nieleze kwanini hatukuwa tunakuza. Ndani ya petroli kuna benzini, na benzini inasababisha kansa ya damu kwa binadamu, hilo limethibitishwa siku nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwenye lita moja ya maji ya kunywa, na mikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni. Sasa chukua lita 1 ya petroli yenye benzini asilimia 1 tu, hapo una gramu 8.8 hivi za benzini, zigawe kwa hicho kikomo unapata lita 880,000 za maji. Lita moja ya petroli! Ni matanki 176 ya lita 5,000, yale meusi ya juu ya paa. Na pua haisaidii hapa, pua inaanza kuihisi benzini kwenye maji ikiwa imeshafika miligramu kadhaa kwa lita, yaani mamia ya mara juu ya kikomo. Kwahiyo mtu anayesema "yangu hayanuki" hajasema kitu bado.

Sheli nayo ilikana mwanzoni, na sikatai kwamba walikuwa wanaamini wanachosema. Matanki yao yalipimwa yakaonekana mazima. Ila ukikaa na daftari lao la kijiti, ile fimbo ya kupimia kina cha mafuta tankini asubuhi, ukalinganisha na kilichouzwa kwenye pampu, kila siku kulikuwa na upungufu kidogo. Kidogo kweli, wao wakaandika ni joto, petroli inapaa. Ni kweli inapaa, lakini upungufu wa kupaa unapanda na kushuka kulingana na jua na siku gari la mafuta limeshusha, huu wao ulikuwa upo tu siku zote, mvua ije jua lije. Tanki halikuwa na shida, shida ilikuwa kwenye kiungo cha bomba linalotoka tankini kwenda pampu ya tatu, chini ya zege. Walipopima bomba kwa presha likashindwa kushika. Likafukuliwa likabadilishwa, na kwa hilo nawapongeza, maana bila kuziba pale juu kazi yote ya chini ni kusomba maji kwa kikapu.

Hapo mtaa mzima ukashangilia. Na ikawa kweli, masika ilipoingia ule utando wa rangi rangi kwenye kisima cha bibi ukapotea kabisa. Watu wakarudi kuchota.

Hapa ndipo nataka msomaji atulie, ndio kiini cha kisa chote. Petroli ni nyepesi kuliko maji, inashuka kwenye mchanga mpaka ikute usawa wa maji inaelea pale juu. Kiangazi usawa wa maji unashuka, nayo petroli inashuka nao, na kila inapopita inaacha matone yamenasa kati ya punje za mchanga. Masika maji yanapanda, lakini yale matone yaliyonasa hayapandi yote, yanafunikwa na maji yanabaki huko huko chini. Angalia sufuria iliyokuwa na mchuzi wa mafuta ukiimwagia maji na kuyapunguza mara kadhaa, zile pete za mafuta zinazobaki ukutani kila usawa ulipofika, ndivyo ardhi ya pale ilivyokuwa, ina mkanda mnene wa matone toka usawa wa kiangazi mpaka wa masika. Kwahiyo masika juu ya maji hakuna utando, maji yanapendeza, na wakati huo huo petroli iliyozama inayeyuka ndani ya maji kutoka kila upande. Majibu ya maabara ya sampuli za masika yalikuja mabaya kuliko ya kiangazi wakati utando ulikuwa unaonekana kwa macho. Mwenyekiti wa mtaa alisoma karatasi mara mbili akauliza kama hawakubadilisha chupa. Chupa hazikubadilishwa.

Sasa lile swali la kuvuta. Pampu inavuta maji, matone yaliyonasa kwenye mchanga hayavutiki, yanabaki yanayeyuka taratibu ndani ya kila maji mapya yanayokuja. Unavuta mwaka, maji yanaonekana safi, unazima pampu, miezi kadhaa umerudi ulipokuwa. Wamarekani wamelijifunza hili kwa hela nyingi sana, Baraza lao la Taifa la Utafiti lilitoa ripoti 1994 iliyoangalia maeneo 77 ya kuvuta na kusafisha, na 69 kati ya hayo yalikuwa hayajafikia lengo. Kwa pwani kuna la ziada, nadhani kwetu hili ndio kubwa zaidi. Maji baridi ya Ngamiani yameelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya ardhi, na kanuni yake ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imebeba kama mita 40 chini yake. Ukishusha usawa wa maji kwa mita moja kwa kuvuta hovyo, chumvi inataka kupanda mita 40. Yani ungewatoa watu kwenye petroli ukawaingiza kwenye bahari, na chumvi ikishaingia kisimani kuitoa ni miaka.

Kulikuwa na wazo la kufukua udongo wote. Ukifukua unafukua sheli, barabara na nyumba za watu. Likafa lenyewe. Mwingine akaja na dawa ya zambarau, pamanganeti, kwamba kaona inatumika nje kusafisha maji ya ardhini. Inatumika kweli, kwa vitu kama dawa za madohobi za kusafishia nguo, vile vizito vinavyozama mpaka chini kabisa ya maji, ila benzini haiigusi kwa maana yoyote. Kila uchafu na dawa yake, na hii ni sababu nyingine ya kupima kabla ya kununua kitu.

Kikabaki kuusafisha huko huko uliko. Ukisikia hivyo unafikiri ni teknolojia ya ajabu, lakini wafanyakazi wenyewe walishakuwepo. Ardhini kuna bakteria wanaokula petroli, wapo karibu kila mahali. Mwaka 1972 huko Ambler, Pennsylvania, bomba la petroli lilivuja na mtaalamu mmoja anaitwa Richard Raymond akaonesha kwamba ukiwapa bakteria wa pale pale hewa na virutubisho wanaifanya hiyo kazi chini kwa chini. Halafu kuna Hanahan, South Carolina, mafuta ya ndege kama lita 300,000 yalivuja 1975 kwenye ghala la jeshi, yakatambaa mpaka chini ya nyumba za watu, wakawalisha bakteria, na kufikia mwisho wa 1992 uchafu upande wa makazi ulikuwa umepungua kwa asilimia 75. Ardhi ya kwetu ina joto mwaka mzima, sioni kwanini bakteria wa Tanga wawe wavivu kuliko wa kule kwenye baridi.

Wanachokosa ni hewa. Kilo 1 ya petroli ikiliwa yote inahitaji oksijeni kilo 3 na kitu, na maji ya joto letu yakishiba hewa yanabeba miligramu 8 tu kwa lita. Ukitaka kuwapelekea kwa maji unahitaji zaidi ya lita 400,000 za maji kwa kilo moja ya petroli, ila kwa hewa yenyewe ni mita za ujazo 12 au 13 tu. Tena hiyo ni kwenye karatasi, ardhini hewa nyingi inapotea njiani, lakini hata ukipoteza tisa ya kumi bado hewa inashinda. Kwahiyo ikaamuliwa hewa ipulizwe chini ya usawa wa maji.

Kabla ya hapo ilibidi tujue maji yanaelekea wapi, maana kila mtu alikuwa na uhakika wake. Wengi walisema yanafuata mteremko wa barabara. Mbinu iliyotumika fundi yeyote wa ujenzi anaijua, ule mpira mwangavu wenye maji wa kupimia usawa wa msingi. Tukahamisha usawa mmoja kwa mpira toka mdomo wa kisima hadi mdomo wa kisima, tukaweka alama ya mkaa ukutani, halafu tukashusha kamba yenye uzito kupima maji yako chini kiasi gani kutoka kwenye alama. Visima vitatu ambavyo haviko kwenye mstari mmoja vinatosha kukupa mwelekeo. Vikapimwa ndani ya saa moja na kurudiwa siku nyingine, tukikwepa bamvua, maana bahari ikijaa na kupwa inachezea usawa wa visima vya karibu na pwani. Jibu: maji hayafuati barabara hata kidogo, yanakwenda kaskazini kuelekea ghubani, yanapita chini ya kisima cha bibi, kisha cha nyumba ya wapangaji, kisha yanakaribia cha madrasa. Kisima ambacho watu walikuwa wanakiogopa sana, kilichopakana na ukuta wa sheli upande wa kusini, kilikuwa safi. Na cha madrasa ambacho hakuna aliyekiwazia, kikaanza kuonesha dalili kwenye sampuli iliyofuata. Watoto wanatawadhia pale.

Basi yakachimbwa matundu membamba, mabomba ya PVC yakashushwa mpaka chini ya ule mkanda wa matone, yametobolewa sehemu ya mwisho tu, na juu yakazibwa vizuri kwa udongo mfinyanzi na saruji ili hewa isirudi pembeni ya bomba. Kompresa ikatakiwa ya aina isiyotumia oili, na hapo tulibishana na muuzaji kweli kweli, yeye anaona kompresa ni kompresa. Ukitumia ile ya gereji unapuliza ukungu wa oili ardhini, umekuja kusafisha unachafua. Kisha mabomba mengine mafupi juu ya maji yakaunganishwa kwenye bloa inayonyonya, kwasababu hewa ikipita kwenye petroli inapanda na mvuke wake, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa ya kawaida, unaweza kutambaa chini ya sakafu ukaingia chumba cha mtu anayewasha jiko la mkaa. Huwezi kupuliza bila kunyonya kwenye makazi ya watu, hili halina mjadala. Kinachonyonywa kinapitishwa kwenye mapipa ya mkaa maalum unaokamata mvuke.

Likaja tatizo ambalo ramani haikuonesha. Chini ya mchanga pale kuna jiwe la matumbawe, na matumbawe yana matundu yake. Siku ya kwanza ya majaribio kompresa inawaka, watu wamekaa wanasubiri, mtoto akaja anakimbia kusema kisima cha wapangaji kinachemka. Tukaenda, kweli maji yanatoa mapovu utadhani jikoni, wakati bomba letu liko nyumba mbili nyuma. Hewa ilikuwa imepata uchochoro wake ndani ya matumbawe imeuruka mkanda wote wa mchanga. Bomba lile likafungwa, likachimbwa lingine fupi zaidi linaloishia kwenye mchanga, presha ikashushwa, na badala ya kupuliza mfululizo ikawa inapulizwa masaa machache inazimwa masaa machache. Hiyo ya kuwasha na kuzima ni nzuri hata pasipo na matumbawe, hewa ikiendelea muda mrefu inajitengenezea njia zake za kudumu na sehemu kati ya njia hazipati kitu, ukizima maji yanarudi kuchanganyika. Na luku inapona.

Mbolea tulikataa. Bakteria wanahitaji naitrojeni na fosforasi ni kweli, na kuna waliotaka tumwage DAP. Lakini Ngamiani ni vyoo vya shimo vya miaka na miaka, naitrojeni chini pale ipo ya kutosha na kuzidi, ukiongeza unawapa watu tatizo la naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji, juu ya la petroli.

Miezi kadhaa mbele kisima cha madrasa kikaanza kunuka mayai viza na maji yakawa na weusi weusi. Mtaa ukalipuka, "mmetuharibia na hiki!" Ustadhi akatuita, kwa heshima lakini amekasirika. Ilibidi nikae nae barazani nimueleze: bakteria wakikosa oksijeni hawaachi kula, wanatumia kingine, naitreti kwanza, kisha chuma, kisha salfeti, na maji yaliyoguswa na bahari yana salfeti nyingi, maji ya bahari yenyewe yana karibu gramu 2.7 kwa lita. Wakila petroli kwa kutumia salfeti wanatoa gesi inayonuka mayai viza. Kwahiyo harufu ile ilimaanisha petroli imefika pale, hiyo ni habari mbaya, na pia kwamba imeshaanza kuliwa pale pale, ila mwendo wa taratibu hasa kwa benzini. Ustadhi akaniuliza, "Kwahiyo mnaongeza hewa huku lini?" Bomba moja likaongezwa upande ule, na watoto wakawekewa tanki la maji ya bomba, bili analipa mwenye sheli. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inayo kanuni hiyo ya anayechafua ndiye alipe, na hapa ilisimama.

Kuna ndugu waliniuliza kuhusu bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, kilomita 1,443 kutoka Hoima huko Uganda, kama haya ndio yanatungoja. Mafuta ghafi ni kitu kingine kidogo, mazito, yanayeyuka kwenye maji kwa uchache zaidi. Mfano uliochunguzwa sana duniani ni Bemidji, Minnesota, bomba lilipasuka Agosti 1979 zikamwagika kama lita milioni 1.7, na wanasayansi wanafuatilia mpaka leo mafuta yaliyobaki chini baada ya usafi. Yamebaki, ila bakteria wamezuia maji machafu yasitambae mbali kama ilivyohofiwa. Ninachokitaka mimi kwa Chongoleani ni sampuli za visima vya watu zichukuliwe sasa, maji yakiwa bado safi, ziandikwe zitunzwe. Ngamiani hatukuwa na karatasi hata moja ya zamani, ndio maana ubishi wa sheli ulichukua muda wote ule.

Hali ilivyo leo: kisima cha bibi benzini imeshuka sana lakini bado iko juu ya kikomo, cha wapangaji kimeshuka chini ya kikomo kwenye sampuli za kiangazi, cha madrasa kinaelekea huko na weusi umeisha. Vyote vitatu ni marufuku kunywa, kufulia sawa. Mwenye sheli ameshaona karatasi za kiangazi na anataka kung'oa kompresa, anasema kazi imeisha na umeme analipa yeye. Sisi tumekataa. Kiangazi maji yako chini, sehemu ya juu ya mkanda wa matone iko kavu haiguswi, majibu lazima yawe mazuri. Sharti letu ni hili: kompresa inazimwa kabla ya masika, maji yanaachwa yapande mpaka juu kabisa, sampuli zinachukuliwa hapo, na zikiwa safi zinarudiwa masika inayofuata huku mtambo ukiwa bado umefungwa mahali pake. Tumeliandika hivyo kwenye barua na mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri.